Redio zetu zinaishi kwa hela za kubeti, sasa ukweli wa kubeti atatuambia nani? Karibuni tujadili

Habari za jioni wakuu. Leo asubuhi nimepanda daladala Buhongwa kuja mjini Mwanza, dereva kafungua redio, kipindi cha michezo, nikajikuta nahesabu. Mpaka tunafika Mkuyuni kampuni za kubeti zilishatajwa mara kumi na moja. Na sio yale matangazo ya kukata kipindi tu, nyingi zilitoka mdomoni mwa mtangazaji mwenyewe, anachambua mabeki wa timu fulani vizuri kabisa, mtu unamsikiliza kwa sababu mpira anaujua, halafu hapohapo bila hata kuvuta pumzi anakwambia hii mechi ina odi nzuri weka mkeka wako sasa hivi. Kwa asiyebeti, odi ni namba inayozidisha hela yako ukipatia, na mkeka ni orodha ya mechi unazozibetia kwa pamoja, zote zitokee ndo ulipwe. Ndani ya gari hakuna aliyegeuza shingo. Na mimi nisingekuwa nahesabu nisingesikia kitu, ndo kinachonitisha.

Naomba tujadili hivi: matangazo ya kubeti yaondolewe redioni na kwenye TV, hasa mchana na kwenye vipindi vya mpira, au yaachwe kama yalivyo? Mi nasema yaondolewe. Sababu yangu sio ya dini, hiyo wenye nayo wataileta. Yangu ni hii, redio inayokula kwa kampuni haiwezi kukwambia ubaya wa hiyo kampuni, na sisi tukikaa miaka bila kuambiwa tunaanza kuamini kwamba ubaya haupo.

Nasema kitu nilichokiona. Nimefanya kazi kwenye redio moja ya mkoani, jina naliacha, miaka minne na nusu, mtangazaji na mwandishi humohumo. Mwaka 2020 nilimrekodi kijana wa bodaboda. Alikuwa na pikipiki ya mkataba, hesabu elfu kumi kwa siku, akimaliza mwaka na miezi miwili chombo kinakuwa chake. Alishapeleka hesabu mwaka mzima, imebaki miezi miwili tu jamani, ndo akaanza kuweka ile hesabu kwenye mikeka ili amalize haraka. Wiki tatu hajapeleka kitu, tajiri akaja kuchukua pikipiki yake asubuhi mama yake kijana anaangalia. Alinisimulia dakika ishirini, mara moja akanyamaza nikazima kinasa mpaka akawa sawa. Nikakata ikabaki dakika nane, nikaongeza sauti ya mama, kipindi kikapangwa Alhamisi saa mbili usiku.

Jumatano meneja wa mauzo akaniita. Hakunigombeza. Aliniuliza tu mshahara wako wa mwezi huu unadhani umetoka wapi, akanigeuzia karatasi ya waliolipa, juu kabisa kampuni ya kubeti, kisha mbali sana huko chini mwenye duka la vifaa vya ujenzi na shule moja ya binafsi. Basi. Alhamisi saa mbili ukapigwa muziki. Na wakuu naomba mlishike hili, ile kampuni haikupiga simu, haikutishia mtu, mpaka leo haijui kama hicho kipindi kiliwahi kuwepo. Tulijizuia wenyewe. Na baada ya hapo sikupendekeza tena mada ya namna ile wala hakuna aliyenikataza, nilijikuta tu naziona mada nyingine ndo nzuri zaidi. Yule kijana alikuwa ananipigia kuuliza kinarushwa lini, nikawa namwambia wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka akaacha kupiga.

Kwa hiyo mtu akiniambia vyombo vya habari vinanunuliwa namwambia hapana, sio kama unavyofikiri. Hakuna bahasha chini ya meza. Kuna ankara halali kabisa, ina risiti na imekatwa kodi, na kwa ankara hiyo watu wazima wenye taaluma wanajifunza kunyamaza pasipo kuambiwa wanyamaze.

Angalieni habari za washindi. Kijana kashinda mamilioni, anapigwa picha na ile hundi kubwa ya mfano, kofia ya kampuni kichwani, kesho yupo gazetini na mchana anahojiwa redioni. Ile habari inaletwa ikiwa imeshaandikwa, na picha juu, mhariri anabadilisha kichwa cha habari tu, nimeshazipokea mwenyewe nyingi. Sasa waliochanika mikeka siku ile, hela ikaenda, nani kawapiga picha? Sisemi mshindi ni wa uongo, mshindi ni wa kweli. Ila ukiambiwa ukweli wa mtu mmoja kila siku na ukweli wa maelfu hauambiwi hata siku moja, ulichopewa sio habari.

Na hesabu yenyewe hakuna kipindi nimewahi kusikia kikiifundisha, wakati ni hesabu ya sekondari. Kwenye kila mechi kampuni inajibakizia kidogo ndani ya odi, tuchukulie asilimia 5, unaona ni ndogo. Ila kwenye mkeka odi zinazidishwa, na ule mkato nao unazidishwa. Chukua 0.95 uizidishe yenyewe mara kumi unapata kama 0.6. Maana yake mkeka wa mechi 10, kila elfu moja uliyoweka kwa wastani wa muda mrefu inakurudishia mia sita. Mkeka wa mechi 20 ni kama mia tatu na sitini. Ndo maana ukiongeza mechi wanakuongezea bonasi, mkeka mrefu ndo unaowalipa wao. Na hata tukiacha mkato, mechi 10 ambazo kila moja ina nafasi nusu kwa nusu, mkeka mzima unashinda mara moja katika 1,024. Kijana wa kijiweni akiambiwa hivi kwa Kiswahili na yuleyule mchambuzi anayemwamini, anaelewa dakika tano. Haambiwi.

Wenzetu ambao ligi zao ndo tunazibetia wameshaanza kujirudi. Italia ilipitisha sheria mwaka 2018 ikapiga marufuku matangazo ya kamari. Hispania mwaka 2020 ikasema redio na TV watangaze saa saba usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, na jezi zikasafishwa. Uingereza kampuni zenyewe zilikubaliana tangu 2019 kutorusha tangazo kwenye TV mechi ikiwa inachezwa kabla ya saa tatu usiku, na mwaka 2023 klabu za Premier League zikakubali kuondoa kampuni za kubeti mbele ya jezi mwisho wa msimu wa 2025/26, japo kwenye mkono wa jezi zimejiachia nafasi. Hayo ni mataifa yenye kliniki za waraibu wa kamari. Kwetu tangazo linaanza saa kumi na mbili asubuhi mtoto anasubiri gari la shule.

Karibuni, msiokubaliana njooni kwa hoja.

*

Nimerudi, nimesoma majibu yote, nawajibu wachache.

Mkuu uliyesema hela ni ya mtu na mtu mzima ana akili zake, nakubali nusu. Sijasema kubeti kufutwe. Mtu mzima akitaka kubeti aende, ofisi zipo, simu anayo. Ila uhuru wa kuchagua unataka uambiwe pande zote mbili, na hapa upande mmoja una watangazaji kumi na upande wa pili hauna hata dakika nane za Alhamisi usiku. Na ile 18+ inayosomwa mwishoni mbiombio wala hamuisikii, mnajua wenyewe.

Ndugu uliyeandika kwamba klabu zitakufa. Ni kweli hela ni nyingi, mwaka 2022 Simba walisaini na kampuni ya kubeti ya M-Bet miaka mitano kwa zaidi ya bilioni 26, Yanga mwaka huohuo wakaongeza na SportPesa, nayo ya kubeti, miaka mitatu kwa zaidi ya bilioni 12, na kabla ya hapo tangu 2017 SportPesa alikuwa kifuani kwa wote wawili. Sibishi. Lakini haki za kuonyesha ligi Azam walilipia bilioni 225.6 kwa miaka kumi mwaka 2021, na jina la ligi ni la benki. Mpira wetu unapendwa, kitu kinachopendwa hakikosi mdhamini. Na hata klabu tukiziacha na jezi zao, mi shida yangu ya kwanza ni chumba cha habari. Klabu haina wajibu wa kuniambia ukweli. Redio inao.

Kuna dada kutoka Nakuru, Kenya, kaandika kwamba kwao serikali ilijaribu na hakuna kilichobadilika. Dada asante kwa kuja, ila tukumbushane vizuri. Julai 2019 kampuni 27 zilinyimwa leseni, baadhi zikafunga shughuli, nyingine zikarudi baadaye. Halafu tarehe 29 Aprili 2025 bodi ya leseni za kamari ikasimamisha matangazo yote kwa siku 30, na baadaye yakatoka masharti mapya, hata watu maarufu wakazuiwa kuzipigia debe. Na mwaka 2017 kampuni ya utafiti ya GeoPoll waliuliza vijana kwa simu, Kenya asilimia 76 wakasema wameshawahi kucheza kamari. Tatizo limekaa hivyo halafu mnategemea siku 30 zitibu? Sigara nazo zilikuwa zinatangazwa na wazee wetu wakaona ni kawaida kama tangazo la sabuni, mpaka Kenya ikapitisha sheria ya tumbaku mwaka 2007. Leo tangazo la sigara likipita kwenye TV ya sebuleni kwako dada utashtuka. Mazoea hayo ndo ninayoyasema, yanaingia na yanaweza kutoka.

Sasa kaka uliyejitambulisha kwamba upo redioni mpaka leo, umesema hizo hela zikiondoka vituo vya mikoani vitafungwa na wewe utarudi nyumbani na watoto watatu. Jibu lako nimelisoma mara nne. Sina jibu la kukuridhisha na sitaki kukudanganya. Nilipoondoka pale sikuondoka kwa ushujaa, mkataba uliisha, leo nina steshenari karibu na chuo. Unachosema ni kweli, vituo vidogo havina pa kushika, ukitoa kubeti zinabaki taasisi na serikali, na tangazo la serikali nalo lina kamba yake, ukiandika vibaya linapungua. Na hapa ndo nataka tujitazame sisi wasikilizaji pia. Sisi hatujawahi kulipia habari hata shilingi. Bando la kuangalia mpira tunanunua, gazeti tunasoma vichwa vya habari kibandani tumesimama tunaondoka. Anayelipa ndo anayesikilizwa, na sisi hatulipi na hatulalamiki, kwa hiyo mhariri akipima kati yetu na kampuni, upande wetu hakuna kitu kwenye mizani. Mwaka 2016 matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yalipoondolewa TBC, TV ya taifa, kwa hoja ya gharama, tulipiga kelele wiki chache, halafu tukazoea. Kipindi kikikatwa tunazoea, sauti ya mama wa yule kijana ikifutwa hatujui hata kama ilikuwepo.

Ninachopendekeza kwa vituo vidogo ni kitu cha kuanzia, mnaweza kukikataa. Msikate mara moja, wekeni muda, miaka miwili mitatu. Mchambuzi asisome tangazo la kubeti kwa mdomo wake, tangazo liwe tangazo na uchambuzi uwe uchambuzi, hiyo haimfukuzi mtu kazi. Na kila kituo kitangaze kwa mwaka mapato yake asilimia ngapi yanatoka kubeti, nisikie nikiwa najua. Hilo la mwisho kampuni za kubeti zenyewe sioni kwa nini zikatae kama biashara ni safi.

Na kijana uliyeandika kwa hasira kwamba nina wivu na waliotoboa. Sina wivu mdogo wangu. Umesema wiki hii umepoteza elfu themanini na utairudisha Jumamosi. Hiyo sentensi niliirekodi mwaka 2020, neno kwa neno, ipo kwenye flash hapa dukani kwangu. Kama utataka kuisikiliza niandikie pembeni, sitakusema kwa mtu.

Wengine mlioko vituoni naomba kitu kimoja. Kama kuna redio au TV ya hapa kwetu imewahi kurusha kipindi kizima cha walioumizwa na kubeti, bila kukatwa, na huku inachukua matangazo yao, kitajeni kipindi na siku. Nitakitafuta nikisikilize, na nitarudi hapa kusema nilikosea.