Naomba ushauri: taarifa ya usalama kwa wazazi wa wanafunzi wa sekondari

Habari zenu wanajamvi, na shikamooni wakubwa wote.

Mimi ni mkuu wa sekondari ya kutwa upande wa Pongwe, Tanga, kando ya barabara kuu iendayo Segera. Naandaa taarifa ya muhula kwa wazazi. Ratiba, michango ya chakula, kidato cha nne na mtihani wao wa Novemba, hayo hayanisumbui. Kinachonikwamisha ni usalama wa njiani.

Wanafunzi wengi wanakuja kwa bodaboda, tena mishikaki (abiria zaidi ya mmoja kwenye pikipiki moja), bila kofia ngumu, huku malori ya saruji yakipita. Baada ya masomo ya ziada giza huwa limeshaanza kuingia, na kwa kweli mabinti ndio wananinyima usingizi.

Nimeongea na viongozi wa kijiwe cha bodaboda, na askari wa usalama barabarani walikuja kutoa elimu. Hali ilitulia kidogo, kisha ikarudi kama zamani. Kundi la WhatsApp lipo, lakini wazazi wengi wana simu za kitochi, na barua zinaishia kwenye mabegi.

Niiandikeje taarifa hii ili mzazi achukue hatua, bila kumtia hofu hadi amzuie binti yake kuja shule?

Pia, kwa mliowahi kuomba kivuko cha waenda kwa miguu au matuta: najua barabara kuu ziko chini ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), si TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini). Je, barua niipeleke kwao moja kwa moja au ianzie kwa mtendaji wa kata?

Natanguliza shukrani.