Grindhouse (2007): uliiona nzima au vipande? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za wikendi.

Kwa wasioifahamu: Aprili 2007 Robert Rodriguez na Quentin Tarantino walitoa mzigo mmoja wenye filamu mbili ndani yake. Planet Terror ya Rodriguez ni mazombi, gesi ya jeshi na risasi. Death Proof ya Tarantino ni mcheza stanti (anayeigiza vitendo vya hatari kwa niaba ya waigizaji) anayeua wasichana kwa gari lake. Tiketi moja, dakika 191, na trela (vionjo vya matangazo) za filamu ambazo wakati huo hazikuwepo kabisa duniani. Jina ni la zile kumbi za Marekani, kama za mtaa wa 42 pale New York, zilizokuwa zikionyesha picha za bei rahisi mchana kutwa: damu, ngono, kung fu, mikanda imechoka na imeungwaungwa. Jamaa wakaiga hadi ubovu wenyewe. Picha ina mikwaruzo, inaruka, inaungua, na kuna mahali riili nzima, yaani gurudumu zima la mkanda, "imepotea" na uongozi wa ukumbi unakuomba radhi.

Nje ya Marekani wengi wetu hatukuiona hivyo, maana walizitenganisha wakaziuza mojamoja. Sasa swali: wewe uliionea wapi, kwa mtindo gani, na waliokuwa pembeni yako walifanyaje? Ule ubishi wa Tarantino bora au kakopi tuuache, una nyuzi zake.

Kanda Mbili (Houston)

Mimi niliiona nzima, tena siku ileile iliyotoka, 6 Aprili, Ijumaa Kuu. Nilikuwa nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, siku hiyo nikapata mapumziko. Ukumbi haukufika hata nusu. Nadhani hilo ndilo kosa lao la kwanza, nani anawapeleka watoto mazombi wikendi ya Pasaka?

Planet Terror ikaisha, majina yakaanza kupanda, watu wakanyanyuka. Si kwenda msalani, wanakusanya vikombe na pochi zao wanaondoka. Jamaa mmoja nyuma akapaza sauti: kaeni jamani, bado moja! Wengine wakarudi, wengine wakaona anawatania. Waliotoka wamekosa zile trela tatu za katikati, na kwangu mimi ndizo zilizokuwa bora kuliko vyote. Ile ya mwongozaji Edgar Wright, sauti nzito inakukataza kila kitu, usiingie nyumba hii, usifungue mlango, nilicheka hadi mama wa kiti cha mbele akageuka.

Halafu Death Proof ikaanza na wasichana wanapiga soga. Gari, soga, baa, soga. Umetoka kumwona mwigizaji Rose McGowan ana bunduki badala ya mguu, sasa unasikiliza umbea wa watu usiowajua. Kundi lingine likatoka. Wikendi ile ya kwanza waliambulia kama dola milioni 11.6, na kwa hela waliyotumia hiyo ni kilio. Ulaya wao walizikata vipande.

Kijana wa Msamvu (Morogoro)

Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi Planet Terror niliionea kibanda umiza, niko kidato cha pili. DVD ya Kichina, zile za filamu kibao ndani ya sahani moja, kasha limebandikwa sura ya Bruce Willis kubwa, wote tukajua steringi ndiye yeye. Kumbe mle ndani ni adui, tena anaishia kuvimba na kuoza kama wenzake.

Basi ikafika ile sehemu ya mapenzi, picha ikaanza kuungua, ikatokea karatasi yenye maandishi, kisha ghafla mgahawa wote unawaka moto na sherifu ana jeraha. Banda likalipuka. "Weee, umeruka!" Mwenye banda akaitoa sahani, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa pindo la singlendi, kutoka katikati kwenda nje kama fundi, akairudisha. Palepale. Akaitoa tena, sasa akaiosha kwa maji ya kunywa. Palepale tena. Mlevi mmoja akasimama anadai shilingi mia yake, na hoja yake ilikuwa ya msingi: sehemu iliyoruka ndiyo aliyoilipia.

Nikajitia msomi, nikawaambia maandishi yanasema riili imepotea. Wakaniuliza: imepotea wapi, si ipo kwenye sahani? Sikuwa na jibu. Mwenye banda ilibidi aweke ya Van Damme bure ili watu watulie.

Miaka mingi baadaye ndipo nikaja kuelewa kwamba pengo lile limewekwa makusudi. Katika hiyo riili "iliyopotea" mambo mengi yametokea: watu wamejeruhiwa, siri ya El Wray, steringi wa kweli, imejulikana, sherifu sasa anamheshimu, na wewe hutaambiwa kamwe ilikuwaje. Ujanja mtupu. Ila nenda kamweleze yule mlevi.

Mkongwe wa Vuga (Muscat)

Wanangu, miye nilikuwa mwonyesha picha Unguja, miaka ya sabini. Hii mjukuu wangu ndiye aliyeniwekea, akitaka kujua kama kweli ndivyo ilivyokuwa.

Kweli kwa sehemu. Mkanda ukitufikia ushapita mikono mingi. Lakini mchubuko wa kweli una pahala pake: mwanzo wa riili na mwisho wake. Hapo ndipo unaposhika, ndipo unapopitisha mkanda kwenye mashine, ndipo unapoburuza sakafuni ukiwa na haraka. Katikati hubaki safi. Tulikuwa na mashine mbili, riili moja dakika kama ishirini, na karibu na mwisho hutokea alama ya duara pembeni juu kulia. Ya kwanza, washa injini ya mashine ya pili. Ya pili, badilisha. Ukisinzia, ukumbi mzima utakutajia mama yako.

Tena picha moja ilikuwa ikionyeshwa kumbi mbili usiku mmoja. Riili ikimalizika kwetu, kijana huipakia kwenye baiskeli mbio hadi ukumbi wa pili. Akipata pancha, watu husubiri gizani wanapiga miluzi. Hiyo ndiyo riili iliyopotea ninayoijua miye.

Kwa huyu Rodriguez mkanda unachakaa pale penye utamu. Mjukuu akasema kakosea. Nikamwambia hapana, hapo kapatia. Vipande vya namna hiyo vilikuwa vikikatwa njiani na mafundi waliotutangulia, kila mmoja anajiwekea vyake. Picha inafika kwako, wawili wamekaribiana, mara kumekucha.

Boda wa Kabalagala (Kampala)

Shikamoo mzee. Huku kwetu VJ (yule anayetafsiri na kusimulia picha kwa maiki) angemaliza kesi ya Msamvu kwa sentensi moja: riili imekimbia mazombi! Watu wanacheka, mambo yanaendelea. Mimi Grindhouse niliiona baada ya kuzoea kazi za Wakaliwood, studio ya mtaani hapa Kampala, zile za Isaac Nabwana. Who Killed Captain Alex? ilitengenezwa kwa hela kiduchu kweli, si ya kuigiza. Ukitoka huko, Planet Terror inaonekana ni ya matajiri.

Sijaelewa Bado (Dodoma)

Boda kasema. Sisi tulilipia picha mbovu tukitamani nzuri, wenzetu wana hela ya picha nzuri wananunua ubovu. Na Rodriguez alipiga kwa kamera ya dijitali, safi kabisa, halafu akaipaka uchafu kwenye kompyuta. Kwa nini nimpongeze?

Dada wa Leicester

Mpongeze kwa mguu wa bunduki, basi!

Mimi niliiona Death Proof peke yake, Septemba 2007, ukumbini hapa Uingereza. Planet Terror ilikuja Novemba na tiketi yake. Sikujua hata kwamba zilikuwa zimeshikana. Yetu lilikuwa toleo refu, na ile ngoma ya baa ambayo Wamarekani waliambiwa riili imepotea, sisi tuliiona yote. Kwa hiyo Kanda Mbili, uliiona nzima lakini pungufu, pole.

Kaka mmoja hapo juu kalalamikia soga. Nyumbani tumelelewa na sheria kwamba steringi hafi. Tarantino anakukalisha na hao wasichana muda wote huo hadi unamjua nani anampenda nani, unajua wanaelekea wapi, unasema sawa, hawa ndio masteringi wangu. Kisha gari linawagonga uso kwa uso, na ajali inarudiwa mara nne ili umwone kila mmoja anavyokufa. Nilishika mkono wa mtu nisiyemjua. Bila soga ile, wale wangekuwa maiti tu.

Na nusu ya pili, Zoë Bell amelala juu ya boneti ya Dodge Challenger nyeupe, ameshika mikanda miwili ya kiunoni, gari linakimbia kweli. Ni yeye mwenyewe, mcheza stanti wa New Zealand aliyekuwa akimbadili Uma Thurman kwenye Kill Bill, hakuna kompyuta hapo. Kila boneti ilipotikisika wanawake wa mstari wetu tulikuwa tunanyanyua miguu. Kurt Russell, yule muuaji wa gari, akaanza kulia baada ya kupigwa risasi ya mkono, analia kabisa, anaomba msamaha. Sijawahi kusikia kumbi za hapa zikishangilia vile. Wazungu huwa wanakaa kimya.

Mwenye uzi

Dada umemaliza. Sijaelewa Bado, tofautisha: Tarantino yeye alipiga kwa mkanda halisi, na kamera alisimamia mwenyewe. Mwanzoni kabisa mwa Death Proof pia kuna jina jingine, Thunder Bolt, linatokea nukta moja kisha linafunikwa kwa kibao kingine cha jina. Zile picha za zamani zilikuwa zinabadilishwa majina ili ziuzwe upya, ndipo alipolitoa. Kariakoo nimenunua filamu ileile kwa majina matatu, wala hakuna aliyekuwa anamuenzi mtu.

Trela nazo zimezaa. Machete ikawa filamu kamili 2010 na Danny Trejo, Hobo with a Shotgun 2011, na Thanksgiving ya Eli Roth 2023.

Kijana wa Msamvu

Mkuu, nzima naipata wapi leo, na trela zake?

Kanda Mbili

Ilitoka Blu-ray Oktoba 2010, zote mbili pamoja na trela za katikati. Ninayo. Nakuja Desemba, nitakubebea, ila tafuta mashine ya kuichezesha, na yule mwenye banda aitwe.

Sijaelewa Bado

Na mlevi pia aitwe. Mimi nitamlipia kiingilio.