Programu ya kuchonga makorongo ya Kondoa kwenye ulimwengu pepe: nichague ipi?

Mwl_wa_Ramani

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Dodoma mjini. Kwa miezi miwili sasa ninahangaika kutengeneza ulimwengu pepe mdogo ambamo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wataweza kutembea kwenye vilima vya Kondoa, washuke korongoni, wapande tena, kisha wafungue ramani ya karatasi na kugundua kwamba mistari ya kontua waliyokuwa wakiikariri ndiyo ile miteremko iliyowachosha. Nimechagua Kondoa kwa sababu mmomonyoko wa udongo wa kule una historia inayofundishika: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika ili ardhi ipumzike. Baadaye ningependa niwe na korongo lile lile kwa sura mbili, moja likiwa tupu na jingine likiwa limeota majani na miti.

Maabara yetu ina kompyuta kumi na mbili za mezani, kila moja ikiwa na RAM ya GB 4 bila kadi ya michoro, na intaneti ni ya bando langu mwenyewe, kwa hiyo chochote kinachodai mtandao muda wote hakinifai. Nilianza na OpenSimulator, programu ya bure ya kuendesha ulimwengu pepe, kwa kuwa inaweza kuwekwa kwenye seva ya hapa hapa shuleni. Nilipakua data za SRTM, yaani vimo vya ardhi vilivyopimwa kwa rada kutoka angani, nikazifungua kwenye QGIS, programu ya ramani, nikakata eneo la kilomita mbili kwa mbili, nikalihifadhi kama picha ya PNG nyeusi na nyeupe, nikaipakia. Matokeo yalinivunja moyo. Vilima vimetokea na ngazi, kama matuta yaliyochimbwa na mtu mwenye rula, na korongo ninalolijua tangu utotoni, ambalo mtu mzima akisimama ndani yake haonekani, halipo kabisa. Isitoshe, sehemu yote ya chini imefunikwa na maji. Kondoa yangu ina bahari.

Kuna kijana mmoja aliyeniambia kuwa hayo ndiyo malipo ya kutumia programu za bure, akajitolea kuniwekea ya kulipia kwa njia ya panya. Nilimshukuru, nikakataa, maana tulishawahi kupoteza mitihani ya muhula mzima kwa virusi vya namna hiyo. Hata hivyo swali limebaki: kati ya Blender, World Machine, Gaea, L3DT na brashi zilizomo ndani ya OpenSimulator yenyewe, ipi inafaa kwa kazi hii? Kama ni ya kununua, niambieni nianze kumwomba mkuu wa shule mapema.

mpima_ardhi

Mwalimu, salaam. Usimwendee mkuu wa shule kwanza. Una matatizo matatu, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa kununua programu.

Tuanze na ngazi. Ukihifadhi kutoka QGIS kile unachokiona kwenye skrini, unapata picha ya biti 8, yenye viwango 256 tu vya rangi ya kijivu. Ikiwa eneo lako lina tofauti ya mita 380 kati ya bondeni na kileleni, kila kiwango kinabeba karibu mita moja na nusu, na kati ya kiwango na kiwango hakuna kitu. Hapo ndipo ngazi zako zilipozaliwa, na hata programu ya mamilioni ingeonyesha ngazi zile zile. Picha ya biti 16 ina viwango 65,536, lakini hata hiyo haitoshi, kwa sababu vimo vya SRTM vimeandikwa kwa mita kamili bila desimali, na ukivitandaza hivyo hivyo ngazi zitarudi, safari hii za mita moja moja. Unachotakiwa kufanya ni kubadilisha data ziwe namba za desimali, yaani Float32, na wakati wa kuongeza pointi uchague njia ya cubic spline badala ya ile ya jirani wa karibu. Ukipenda, tumia data za Copernicus GLO-30, ambazo vimo vyake vina desimali tangu mwanzo. Kumbuka tu kwamba kote kuwili rada ilipima ilichokikuta juu, majani na matawi yakiwemo.

Usisahau pia kuhamisha data kutoka nyuzi kwenda mita. Kondoa mjini iko takriban nyuzi 35.8 mashariki, kwa hiyo unatumia kanda ya 36 kusini ya UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita. Ukisogea mashariki kidogo tu unavuka nyuzi 36 na kuingia kanda ya 37, na hapo watu wengi hukoroga mambo.

Sasa korongo. SRTM ya daraja la juu ina kipimo kimoja kila baada ya takriban mita 30. Eneo la mita 2,048 kwa upande lina vipimo 68 tu kwa upande, na kompyuta inalazimika kubuni vingine vyote. Korongo lenye upana wa mita kumi linapita kati ya kipimo na kipimo kama nyoka anavyopita chini ya mlango. Tena vipimo hivyo vilichukuliwa Februari 2000, kwa siku 11, kutoka chombo cha anga Endeavour, yaani zaidi ya miaka ishirini baada ya mifugo kuondolewa. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi Kondoa ya 1973, data haitakupa, itabidi uichonge.

Ningekuwa wewe, ningekwenda na kamba. Chukua kamba ya manila, piga fundo kila mita, ivute kutoka ukingo hadi ukingo, uhakikishe imelala sawa kwa pima maji, kisha kutoka kila fundo teremsha futi kamba hadi chini na uandike namba. Mikato mitano kwa kila mita mia moja inatosha kabisa kwa darasa. Najua mtu atasema ndege nyuki. Kuirusha kunahitaji kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na pale ambapo vichaka vimefunika korongo itakuletea picha ya vichaka.

Kuhusu bahari yako, OpenSimulator huweka maji kwenye kimo cha mita 20 usipobadilisha. Ukiondoa kimo cha chini kabisa ili eneo lianze sifuri, mita ishirini za kwanza zinazama. Ongeza mita 25 kwenye vimo vyote, au shusha maji. Na usipakie PNG, kwa sababu vimo vitasomwa kutokana na mwangaza wa picha. Pakia faili ya .r32, ambayo hubeba kila kimo kama namba ya desimali. Kaskazini ikitokea kusini, amri ya "terrain flip y" itaigeuza.

kibodi_makulu

Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila niongeze kidogo kutoka upande wetu wa michezo ya kompyuta, kwa kuwa swali lilikuwa juu ya programu.

Gaea na World Machine ni nzuri kwelikweli, na toleo la bure la kila moja lina kikomo cha ukubwa ambacho kwa darasa hakitakusumbua. Lakini ubora wake uko kwenye kuigiza mvua inavyokula mlima ambao haupo popote duniani. Ukiipa vilima vyako, itakuchongea makorongo mazuri mno kuliko ya kweli, na mwanafunzi anayetoka Kondoa atakuuliza hilo liko kijiji gani. Blender nayo ni ya bure kabisa na brashi zake za uchongaji hazina mpinzani kwa bei hiyo, isipokuwa kuna jambo moja ambalo hakuna aliyenieleza hadi nilipopoteza wiki nzima: ramani ya vimo ina kimo kimoja tu kwa kila pointi. Kichwa cha korongo, pale maji yanapokula udongo kwa chini na ukingo ukabaki unaning'inia, hakiwezi kuandikwa kwenye faili ya namna hiyo hata kidogo. Ukichonga ukingo huo Blender kisha ukatoa ramani ya vimo, unapata ukuta wima, basi.

Kwa hiyo amua kwanza dunia yako itakaa wapi, ndipo uchague kifaa. Kila injini, yaani programu inayoiendesha dunia hiyo, ina tabia zake. Unity inataka pointi 1,025 au 2,049 kwa upande, Unreal inapendelea 1,009 au 2,017, na OpenSimulator inakwenda kwa mafungu ya mita 256. Niliwahi kukesha hadi alfajiri kwa sababu ya pikseli moja iliyozidi.

Binti_wa_Kolo

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa huko huko, kwetu ni Kolo penye michoro ya miambani, na sasa nasoma UDOM. Naomba nipingane na kaka zangu kwa heshima, kwa sababu wote wametibu faili wakaacha kompyuta.

RAM ya GB 4 bila kadi ya michoro haitabeba programu za kutazamia OpenSimulator zikiwa kumi na mbili kwa pamoja. Zitafunguka, ndiyo, lakini mwanafunzi atabonyeza kitufe cha kwenda mbele kisha asubiri. Nakushauri uangalie Luanti, ile ambayo hadi mwaka 2024 ilikuwa ikiitwa Minetest. Ni ya bure, ni nyepesi, seva yake unaiwasha kwenye kompyuta moja na nyingine zinajiunga kwa waya wa ndani bila bando hata la shilingi mia. Dunia yake ni ya matofali ya mita moja moja, na najua utasema umezikimbia ngazi halafu nakurudisha kwenye ngazi. Hebu fikiria, Mwalimu: unafundisha kontua. Ukingo wa kila tabaka la matofali ni kontua. Ukitumia tofali jeupe kila mahali ambapo kimo kinagawanyika kwa 20, mwanafunzi atakuwa anatembea juu ya mstari wa ramani. Na ule ukingo unaoning'inia alioutaja kaka wa Makulu, kwenye matofali unaujenga bila shida, kwa sababu pale hakuna ramani ya vimo inayokubana, unaondoa tofali la chini na la juu linabaki.

Utahitaji msimbo mfupi wa Lua, lugha ya kuandikia programu ambayo Luanti inaielewa. Toa vimo kutoka QGIS kama maandishi, chagua dunia ya aina ya "singlenode", ambayo huanza tupu bila ardhi wala maji, kisha msimbo ujaze udongo hadi kwenye kimo kinachotakiwa kila kipande cha dunia kinapozaliwa. Haukuzidi mistari sitini nilipojaribu na mlima ulio nyuma ya kwetu. Nitakutumia, na kwa kuchonga korongo lenyewe WorldEdit, nyongeza ya Luanti ya kuhariri matofali mengi kwa mkupuo, inatosha.

mpima_ardhi

Mdogo wangu, umenishika pabaya. Kompyuta sikuzifikiria. Bado nina wasiwasi na mwinamo, kwa kuwa korongo lenye kina cha mita tatu kwa matofali ya mita moja linakuwa na vipimo vitatu tu vya kwenda chini, na mwanafunzi akiambiwa akokotoe mteremko wa ukingo atapata jibu la kijinga. Kwa kontua za vilima, hata hivyo, hoja yako naikubali yote. Mwalimu, ukifuata njia hiyo, vimo vyako upunguze 1,400 kamili, namba inayogawanyika kwa 20, usipunguze 1,387 au namba yoyote iliyotokea kuwa ya chini kabisa, la sivyo mistari yako myeupe haitaoana na ile ya ramani ya karatasi.

Mwl_wa_Ramani

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu ya mitihani, naomba radhi.

Nilijaribu kote kuwili. Faili ya .r32 iliondoa ngazi zote. Vilima vikatulia, laini, na bahari ikakauka. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza hata nikamwita mwalimu mwenzangu aje aone. Maabara ilikuwa kama alivyosema binti yangu wa Kolo: nilizifungua tano, ya sita ikaganda, na mvulana mmoja akaniuliza kama hiyo ni sinema au picha. Wiki iliyofuata tukaweka Luanti kwa msimbo alionitumia, na zote kumi na mbili zikakimbia kwa pamoja. Nilipunguza 1,400 kama nilivyoelekezwa. Kipindi cha pili msichana mmoja alisimama ukingoni mwa bonde, akaita wenzake, akataka kujua kwa nini mistari myeupe imebanana pale na kule uwandani imeachana. Ramani ya karatasi ilikuwa mezani mbele yake, na sikumjibu.

Korongo lenyewe nalichonga pembeni kwa Blender, peke yake, mita mia moja tu, kwa ajili ya kukokotoa mteremko, na nitalionyesha kwa projekta kutoka kompyuta yangu. Wakati wa likizo fupi nilipanda basi la Kondoa na kamba ya manila, nikasaidiwa na wapwa zangu wawili. Tumemaliza mikato mitatu. Wa nne ulitushinda kwa sababu kamba yetu iliishia fundo la kumi na saba na ukingo wa pili bado ulikuwa mbali. Jumamosi mdogo wangu anarudi pale na kamba ndefu zaidi.

Binti yangu, nikuulize jambo moja: kwa ile sura ya pili, yenye majani na miti, nipande kwa mkono au msimbo wako unaweza kuambiwa uoteshe migunga pale mteremko unapopungua?

Binti_wa_Kolo

Unaweza, Mwalimu. Linganisha kimo cha tofali na cha majirani zake wanne. Tofauti ikiwa chini ya mbili, panda. Nitaongeza mistari hiyo leo usiku, ila idadi ya miti nitaiweka ndogo kwanza, kwa sababu matawi ndiyo yanayozilemea kompyuta za RAM ndogo.