MJADALA: Dizeli ikichemsha, ni kosa la fundi tu?

Wadau, kuna kauli imeshika kasi: hakuna injini mbovu ya dizeli, kuna fundi mbovu na mwenye gari bahili. Eti gari likichemsha, ama ulijaza maji ya bomba kwenye rejeta badala ya kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, ama fundi aliitoa thamostati, valvu inayodhibiti joto la injini, akaitupa.

Nakataa, japo hayo yapo. Maji ya bomba huleta kutu na chokaa inayoziba rejeta, na injini isiyo na thamostati haitulii kwenye joto lake. Fundi wa namna hiyo anaua injini za watu, na aambiwe.

Lakini tazameni Korea Kusini mwaka 2018. Magari ya BMW, hasa 520d ya dizeli, yaliwaka moto moja baada ya jingine, zaidi ya 30. Tatizo lilikuwa kwenye kipozeo cha EGR, kifaa kinachopoza sehemu ya moshi wa ekzosi kabla haujarudishwa ndani ya injini. Kulanti ilivuja humo, ikashikana na masizi na mafuta, utando ukajijenga, moshi wenye joto kali ukauwasha. Kampuni iliyaita magari zaidi ya 100,000 nchini humo yarudishwe kurekebishwa, na Oktoba mwito ukafika magari milioni 1.6 duniani. Serikali ilipiga marufuku kuendesha yale ambayo hayajakaguliwa. Desemba wachunguzi wake wakasema kulanti ilikuwa ikichemka ndani ya kipozeo chenyewe kwa kasoro ya usanifu, na kampuni ikatozwa faini ya woni bilioni 11.2 kwa kuchelewa kuyaita. Hapo fundi wa mtaani anaingiaje?

Sisi tunaonunua yaliyotumika ndio tunaoumia zaidi. Barua ya kuita gari hutumwa kwa mmiliki anayejulikana. Likishauzwa mnadani Japani au Uingereza na kupakiwa melini kuja Mombasa au Dar es Salaam, barua hailifuati. Mimi niliongeza maji kila asubuhi miezi miwili. Tulibadilisha rejeta, pampu ya maji, mwisho gasketi ya silinda hedi, na kila mara nikimlaumu fundi wangu, mtu mwaminifu. Siku nilipoitafuta namba ya chesisi kwenye orodha ya mtengenezaji, nikakuta gari lilikuwa limeitwa kwa kasoro ya mfumo wa kupoza kabla sijalinunua. Nilikwenda kumwomba fundi radhi. Aliyeniuzia hakupokea simu tena.

Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na linakaguliwa kabla ya kusafirishwa. Basi cheti cha ukaguzi kijibu pia maswali mawili: chesisi hii iliwahi kuitwa? Ilirekebishwa? Japani, Uingereza na Marekani zina orodha zinazosomeka bure kwenye intaneti, kazi ya dakika chache.

Najua waagizaji watasema bei itapanda. Sawa, ipande kidogo bandarini kuliko familia kukwama usiku katikati ya mlima, boneti inafuka moshi.

Mnaotetea kauli ya fundi mbovu, nijibuni hili: gari lililoitwa likaletwa kwetu bila kurekebishwa, injini ikafa, nani alipe?