Tupeane uzoefu: jiko la pampu lililowahi kukugomea

Mwana wa Sahare
Wakuu, jana nafagia stoo ya marehemu babu hapa Sahare, Tanga, nikakuta jiko lake la pampu, Primus ya shaba, limefungwa ndani ya gunia la katani. Babu alikuwa haendi dago, kambi ya wavuvi, bila hilo jiko. Wakilala kisiwani Yambe siku nne tano, wenzake wanahangaika na kuni zilizolowa, yeye keshachemsha chai. Nimelisugua kwa ukwaju mpaka likang'aa, nikatia mafuta ya taa, nikapiga pampu. Inaingia kilaini tu, haina uzito wowote, upepo haushikiki. Aliyewahi kuhangaika na haya majiko atuambie alifanyaje. Siliuzi. Nataka liwake.

Fundi Baiskeli Ngamiani
Ngozi imekauka hiyo. Chomoa mti wa pampu, mwishoni utakuta kikombe kidogo cha ngozi. Kikikaa miaka bila mafuta kinasinyaa, upepo unapita pembeni. Kiloweke usiku kucha, kisha kitanue kwa kidole polepole mpaka kiguse kuta za bomba. Kama kimechanika, jaribu cha pampu ya baiskeli ya zamani. Kikikataa, kata kipya kwenye ngozi ya kiatu.

Bi Chumbageni
Kiloweke kwenye mafuta ya nazi. Mama yangu hakutumia kingine.

Fundi Baiskeli Ngamiani
Shangazi, samahani, hapo tutatofautiana. Miezi ya kusi mafuta ya nazi yanaganda alfajiri, ngozi inakuwa ngumu. Mafuta ya cherehani.

Bi Chumbageni
Mwanangu, jiko hilo limepika maandazi ya kuuza miaka kumi na moja, na kazi ilianza saa kumi za usiku. Sikuliona likiganda.

Mpwa wa Duga
Namuunga mkono bi mkubwa.

Nahodha Mstaafu
Mimi nimekumbuka karabai, zile taa zetu za pampu za kuvulia dagaa. Karabai na jiko la pampu ni ndugu, ugonjwa wao mmoja. Mwanangu wa Sahare, ukishatengeneza ngozi, angalia mti wa pampu. Ukirudi juu wenyewe, au ukiuchomoa ukakuta mafuta ndani ya bomba, basi ni vali ya chini. Ndani yake mna kipande cha mpira kama punje ya dengu. Kikichoka, upepo na mafuta vinarudi vilikotoka.

Kijana wa Mikanjuni
Kata kandambili uweke.

Nahodha Mstaafu
Usithubutu. Mpira wa kandambili unavimba ukikaa kwenye mafuta. Tulijaribu kisiwani Karange, safari ikafa usiku wa pili. Tafuta mpira wa kwenye pampu ya mafuta ya injini.

Binti Makorora
Nimesoma mpaka hapa mikono inatetemeka, acha niseme. Nilikuwa darasa la tano, mwezi wa Ramadhani. Mama anapika kaimati uani, jiko la pampu limewekwa juu ya tofali. Mafuta nilinunua mimi, kwa chupa ya soda, kwenye duka la mtaani. Niliyasikia yananuka petroli, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi kucheza. Mama akawasha, akapiga pampu. Moto ukapanda bluu, kisha ghafla ukawa mrefu na wa njano. Mfuniko wa tangi ulikuwa na mpira umechakaa, na pale pembeni ukaanza kutoka ulimi mwingine wa moto, mdogo, unapiga mluzi. Dada akakimbilia ndoo ya maji. Mama akapiga kelele, "Maji hapana! Mchanga!" Akalisukuma jiko kwa mwiko mrefu mpaka katikati ya uwanja, mbali na makuti, tukalifukia kwa mchanga wa kuoshea sufuria. Kaimati zilimwagika, mafuta ya moto yakamwagikia mkono wake wa kulia kuanzia kidole gumba hadi kwenye kiwiko. Kovu analo hadi leo, ngozi yake imekunjamana kama karatasi. Sijawahi kumwambia kwamba niliisikia ile harufu.

Bi Chumbageni
Pole sana mwanangu. Mwambie. Wala hatakulaumu.

Mpwa wa Duga
Nimeishiwa maneno. Pole dada.

Mtaa wa Gesi
Ndiyo maana nasema hayo majiko yauzwe chuma chakavu, watu wanunue gesi.

Nahodha Mstaafu
Gesi nayo ina ajali zake. Hapo jiko halikukosa, kilichokosa ni mafuta. Uchakachuaji tuliuona wote, mpaka mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya na dizeli.

Mtaa wa Gesi
Na aliyeungua je?

Fundi Baiskeli Ngamiani
Nyote mna haki, msigombane juu ya kovu la mtu. Yakinuka petroli, usiyatie. Tangi lisizidi robo tatu. Usifungue mfuniko jiko likiwaka. Kabla ya kuwasha, piga pampu kidogo, paka povu la sabuni kila kiungio, palipo na tundu patatoa mapovu.

Mwalimu wa Raskazone
Pasha kichwa cha jiko, pale panapotoka moto, kwa spiriti mpaka iishe yote, ndipo upige pampu. Moto wa njano maana yake kichwa bado baridi, mafuta hayajawa mvuke, au kitundu cha kutolea mvuke kimeziba. Kizibue kwa sindano yake, siyo pini ya nguo, utakipanua. Na likinge upepo. Majiko haya asili yake Uswidi, Mswidi Lindqvist aliyatengeneza mwaka 1892, na msafiri Mnorwe Amundsen alikwenda nalo Ncha ya Kusini 1911. Kama liliwaka kwenye barafu, kaskazi ya Yambe haliiogopi.

Kijana wa Mikanjuni
Spiriti ghali, tambi iliyolowa mafuta ya taa inatosha.

Mwalimu wa Raskazone
Itawaka, na masizi yatajaa kichwani.

Mwana wa Sahare
Wakuu, nimeloweka kwa mafuta ya cherehani (shangazi nisamehe). Pampu sasa ina uzito. Limewaka! Duara la bluu, linanguruma vilevile kama nilivyolisikia utotoni. Ila nimepaka sabuni kwenye mfuniko, linatoa mapovu madogo madogo.

Fundi Baiskeli Ngamiani
Zima sasa hivi, legeza skrubu ya kutolea upepo. Kesho niletee mfuniko peke yake, nikukatie washa mpya, ule mpira wake wa ndani. Tangi liache nyumbani.