Mjadala: Ukuta wa kando ya reli Ngamiani, tuupake chokaa au tuwaachie vijana?

Wadau wa Tanga, hebu tuliongee hili. Kuna ukuta kando ya reli, ukitoka mjini unavuka kuingia Ngamiani. Vijana wameuchora usiku: bibi kajifunga kanga, na kwenye pindo wamepuliza jina la kanga, "Hasidi hana sababu". Pembeni kuna herufi zimevimba kama maandazi. Nilisimama kuzisoma hadi bodaboda akanipigia honi, na sikuambulia kitu. Sasa baadhi ya wazee wa mtaa wanataka upakwe chokaa na vijana wapelekwe polisi.

Swali langu: kabla ya bibi, ukuta ule ulikuwa na nini? Namba ya simu ya mganga anayerudisha mume aliyepotea na kufuta madeni. "Usikojoe hapa", na chini yake watu wanakojoa. Miaka yote hiyo sikuona mtu akibeba ndoo ya chokaa. Mganga kaandika bila kuomba ruhusa, tumemzoea. Kijana kachora, kawa mhuni.

Wa Chumbageni: Bibi kapendeza, sikatai. Ukuta ni wa nani? Mimi uzio wangu umeandikwa mara mbili, na mara zote mbili rangi nimenunua mwenyewe. Halafu mambo haya hayaishii ukutani. New York miaka ya 1970 yalianza majina tu, mwisho treni za chini ya ardhi zikachorwa hadi madirishani, abiria haoni kafika kituo gani. Wenye treni walichokuja kufanya ni hiki: treni iliyochorwa haitoki mpaka isafishwe. Mchoraji anataka jina lake lizunguke mji. Lisipoonekana, kapoteza rangi yake bure. Hata hivyo ilikuwa Mei 1989 ndipo wakatangaza kwamba treni ya mwisho yenye michoro imeondolewa. Na sisi tungoje mpaka wafike kwenye mabehewa?

Wa Makorora: Mzee, New York mbali. Sisi treni ya kuzunguka mji hatuna, tuna reli ya tangu Mjerumani, 1893, na mabehewa ya mizigo. Mimi natazama Brazil. Mwaka 2011 walirekebisha sheria: mchoro wa sanaa kwa ridhaa ya mwenye ukuta si kosa, kuchorachora bila ridhaa ni kosa, na makopo ya rangi ya kupuliza hauziwi aliye chini ya miaka 18. Mwenye ukuta aulizwe, basi. Akikataa, chokaa.

Mwanzisha mada: Shikamoo mzee wa Chumbageni. La uzio wako nimelikubali, na nikiwajua waliouandika nitakuletea wao pamoja na brashi. La Brazil nalo sina ugomvi nalo. Na relini kwenyewe hakuna mjadala: kijana akiinamia kopo lake huku kaziba masikio na muziki, treni haimsubiri.

Ila chokaa ikipakwa, nani atakaa pale kumlinda mganga asirudi? Nimepita leo asubuhi. Namba yake mpya ipo tayari, kaiandika juu ya mguu wa bibi.