Naombeni ushauri: Mzee ana saratani ya ini, kwa miaka 71 bado anafaa kupelekwa India?

Mkorosho Mmoja: Habari za jioni wakuu. Baba yangu mzazi, miaka 71, mwezi uliopita amekutwa na saratani ya ini. Ndugu tumegawanyika. Shangazi wanasema kwa umri huo tusimsumbue, mimi nasema aende India akapasuliwe. Mwenye uzoefu anisaidie, umri huo mtu anapona? Matusi sitaki.

Kisu Butu: Ngoja waje wataalam. Mimi nipo na karanga zangu hapa.

Mama Wawili: Kisu Butu, hizo karanga umezichambua? Sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, inakula maini ya watu. 2016 Dodoma na Manyara walizikana kwa sababu ya mahindi. Pole mleta mada. Mdogo wangu aliondoka na miaka 33, pombe hajui hata harufu yake. Alianza kulegeza mkanda tundu mojamoja, tukamtania kitambi cha ndoa. Miezi mitatu tu, tukazika.

Nesi Mstaafu: Pole mwanangu. Umri peke yake haukupi jibu. Kuna utafiti wa nchi kadhaa za Afrika uliotoka 2017. Misri nusu ya wagonjwa walikuwa wamevuka miaka 58, wakaishi kama miezi 11. Huku kwetu kusini mwa Sahara nusu walikuwa chini ya 46, na waliishi kama miezi miwili na nusu. Vijana ndio waliowahi kuondoka! Wengi wana homa ya ini B tangu utotoni, na wanafika hospitali jua limeshazama. Sasa niambie: uvimbe una ukubwa gani? Macho yana manjano? Tumbo lina maji?

Mkorosho Mmoja: Bibi, mzee anakula vizuri. Jana kamaliza sahani nzima ya ndizi. Mimi nimeuliza umri.

Kisu Butu: Kaulizwa maji kajibu ndizi 😂

Mkorosho Mmoja: Haya. Uvimbe ni sentimita 11, na kuna mwingine mdogo pembeni. Macho njano kiasi. Wiki iliyopita walimtoa maji lita 5. Ila wakala wa India amesema wanampokea, na kiwanja cha Kibaha nimeshachukua nusu ya hela. Kwa hiyo msiniambie nirudishe.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, ini lililofika hapo halihimili kisu, mwenyewe awe na 71 au 30. Mzee wa 75 ambaye ini lake bado lina nguvu anaweza kupasuliwa akarudi nyumbani. Kupandikiza nako kuna vigezo vya Milan, vipo tangu 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au usizidi mitatu, kila mmoja usivuke 3. Kabla ya tiketi, daktari wa hapa akuandikie Child-Pugh yake ni ipi, yaani kipimo cha ini limechoka kiasi gani, A hadi C. Ikiwa C, ile mbaya zaidi, ulizieni tiba shufaa, mzee apunguziwe maumivu na hayo maji, apate usingizi. Na nyie watoto mmepima homa ya ini B?

Mzoa Taka: Wakuu mnapigwa. Juzi huyuhuyu alifungua uzi wa kuulizia pasi ya baba yake, akaandika miaka 62. Leo 71. Hii ni chai, tena ya rangi.

Kisu Butu: Nilijua tu. Kesho inakuja namba ya kuchangia.

Mkorosho Mmoja: Nimeomba shilingi ya nani? 62 ni ya cheti. Mzee alijipunguzia miaka 9 alipoajiriwa kiwandani, ili achelewe kustaafu. Hata faili la hospitali linasema 62, daktari sijamwambia. Niliona kwa 62 watamkubali upesi.

Mama Wawili: Hiyo si chai, Mzoa Taka. Baba yangu marehemu kwa vyeti alikuwa mdogo kwa mdogo wake. Siku ya kujengea kaburi tuligombana mpaka fundi akaacha mwiko akaondoka.

Nesi Mstaafu: Kamwambie daktari umri wa kweli, maana figo na dawa vinapimiwa humo. Na swali langu umeliruka. Umepima?

Mkorosho Mmoja: Mnunuzi ananipigia, nitarudi. Sijapima bibi. Nina 38.

Kisu Butu: 38 ya kweli au ya cheti?